Pilau ya Desemba Hununuliwa Julai

Mpunga wa Mbarali, Kyela na Kilombero huvunwa kwa wingi kati ya Mei na Julai. Katika wiki hizo magunia hupangwa hadi nje ya mashine za kukoboa, mkulima ana vibarua wa kulipa na deni la mbolea la kumaliza, na mchele hushuka bei kwa kuwa kila mtu anauza kwa wakati mmoja. Kuanzia hapo bei hupanda taratibu mwezi baada ya mwezi, mpaka kati ya Januari na Machi, ghala zikiwa zimepungua na mavuno mapya bado yako shambani. Sasa iweke kalenda ya sikukuu juu ya kalenda hiyo ya mavuno. Krismasi na mkesha wa mwaka mpya, pamoja na mahari, ubatizo na harusi zinazosubiri watoto wa mjini warudi nyumbani, zote hubanana ndani ya wiki tatu zilizo upande wa ghali wa mwaka. Familia inapita Julai bila kuweka hata kilo tano za akiba, kisha Desemba 23 inaingia sokoni pamoja na mji mzima. Januari ikifika, lawama zote zinaiangukia sikukuu.

Naamini lawama hiyo imeelekezwa kusiko. Sikukuu haimwangushi mtu kwa sababu siku moja amekula vizuri. Inamwangusha kwa sababu ameinunua yote kwa siku chache, peke yake, na mara nyingi kwa fedha isiyo yake. Ushauri tunaousikia kila mwisho wa mwaka, redioni na mimbarini, ni wa kupunguza: punguza wageni, punguza nyama, nguo za mwaka jana bado zinafaa. Una nia njema, na aliyekwisha kuzama kwenye deni huenda hana njia nyingine. Lakini anayeufuata mwaka huu atalazimika kuufuata tena mwakani na mwaka wa tatu, na kila mara sherehe yake itazidi kusinyaa, kwa kuwa hajagusa mambo mawili yanayoipandisha gharama, yaani kuchelewa na kujitenga. Sikukuu nafuu ni ile iliyoanza mapema na kubebwa na nyumba nyingi, na inaweza hata kuwa kubwa kuliko ya ghali.

Tuanze na kuchelewa. Mshahara wa Desemba kwa kawaida hutoka kabla ya Krismasi, na wa Januari hutoka mwezi ukielekea ukingoni, kwa hiyo kati yake hupita kama wiki tano. Ndani ya wiki hizo shule zinafunguliwa. Tanzania ilifuta ada katika shule za serikali, za msingi na za sekondari hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Ilikuwa hatua kubwa, lakini sare, viatu, madaftari, begi na mchango wa chakula cha mchana vimebaki kwa mzazi. Wapangaji wengi wa Dar es Salaam hudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mkataba ulioanza Julai hurudi mlangoni Januari ileile. Ndiyo maana shilingi inayotumika Desemba 24 ni nzito kuliko inayotumika Agosti 24. Ya Agosti itafidiwa na mshahara unaofuata. Ya Desemba inachomolewa moja kwa moja kwenye begi la mtoto.

Pengo hilo ndilo linalolisha mikopo ya haraka. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza nchini Kenya mwaka 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, kwa hiyo aliyekopa shilingi 10,000 za Kenya kununua mbuzi alitakiwa kurudisha 10,750 mwezi uliofuata. Na hiyo ni huduma ya benki yenye leseni. Mitaani kuna mikopo ambayo Watanzania wenyewe wameipa jina la kausha damu, marejesho yake yakidaiwa kila siku au kila wiki, na mkopaji akichelewa friji na televisheni vinabebwa. Benki Kuu ya Tanzania imelazimika kuwatahadharisha wananchi dhidi ya programu za simu zinazokopesha bila leseni. Aliyenunua mchele Desemba kwa fedha ya mkopo amelipa mara mbili kwa sahani ileile ya pilau: kwanza tofauti ya bei ya msimu, kisha ada ya mkopo. Hakuna mgeni aliyeonja utamu wa fedha hiyo ya ziada.

Dawa ya kuchelewa haina siri. Gunia la kilo 100 lililonunuliwa Julai na nyumba nne linaipa kila moja kilo 25, zinazotosha pilau ya Krismasi, wali wa mwaka mpya na chakula cha wiki za mwanzo za Januari. Anayeogopa fukusi ana njia mbili: kuanika mchele vizuri na kuufungia kwenye ndoo zenye vifuniko vinavyobana, au kuhifadhi mpunga wenyewe na kuukoboa mwanzoni mwa Desemba, kama wakulima wanavyofanya. Kuku wa nyama hukua kwa wiki tano hadi sita, kwa hiyo vifaranga wanaoingia bandani katikati ya Novemba ndio kitoweo cha Krismasi, na wanaowataka wanapaswa kuweka oda mapema zaidi, kwa kuwa wafugaji wote wameipiga hesabu hiyohiyo. Kitambaa kikipelekwa kwa fundi cherehani Oktoba, fundi ana nafasi ya kupima, kukata na hata kurekebisha. Kikipelekwa Desemba 18, mteja analipa zaidi na nguo inaweza kutoka ikiwa haijapigwa pasi, saa nne usiku wa kuamkia sikukuu.

Kujitenga ni jambo gumu zaidi, kwa sababu linagusa heshima. Hapa tunao ushahidi wa kale kuliko mshahara na simu. Katika sheria ya Kiislamu, mbuzi au kondoo wa kurbani huchinjwa na mtu mmoja kwa ajili yake na watu wa nyumbani kwake, lakini ng'ombe au ngamia wanaweza kumchangia watu saba. Mnyama mkubwa hakukusudiwa mfuko mmoja. Vilevile, kabla ya swala ya Idd el Fitr, kila mwenye uwezo hutoa zaka ya fitri, pishi moja ya chakula kinacholiwa mahali hapo kwa kila mtu aliye chini ya ulezi wake, kama kilo mbili na nusu hadi tatu za mchele. Inatakiwa itoke mapema ili asiye na kitu naye awe na cha kupika siku hiyo. Bajeti ya jirani imewekwa ndani ya bajeti ya sikukuu yenyewe, ikitangulia nguo, visheti na halua. Na hata kurbani ikigawanywa, desturi inayofuatwa na wengi ni theluthi kwa nyumba, theluthi kwa ndugu na marafiki, theluthi kwa maskini.

Watu wa bara, Wakristo na wasio Wakristo, wamefika mahali hapohapo kwa njia ya ng'ombe wa kuchangia. Ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 akiwa hai hutoa nyama na mifupa karibu nusu ya uzito huo, tuseme kilo 120. Zikichangia nyumba kumi, kila moja inaondoka na kilo kama 12, mbali na utumbo, kichwa na miguu ya supu. Majani ya mgomba hutandikwa chini na mafungu kumi hujengwa kidogokidogo: mbavu kwanza, kisha nyama ya paja, kipande cha ini, kipande cha utumbo uliokwisha kuoshwa, mpaka kila fungu liwe na kila kitu. Anayeona fungu moja limezidi husema hapohapo, na mfupa unahamishwa. Kisha mmoja wao anageuza mgongo, mwingine anagusa fungu kwa ncha ya kisu na kuuliza, hili la nani? Aliyegeuka hutaja jina bila kuona. Katika baadhi ya koo sehemu fulani hutengwa kwanza kwa ajili ya wazee, na hilo hujulikana kabla kisu hakijaguswa. Mtaa wenye watu wa dini mbalimbali humwita Mwislamu achinje, ili pasiwe na jirani wa kubaki pembeni. Nyama hiyo haina kodi ya bucha ndani yake, wala faida ya dalali wa tatu. Na kundi lililojipanga linaweza kununua mnyama mnadani Septemba au Oktoba, malisho yanapokuwa yamekauka na wafugaji wakiuza kwa bei ya chini, likamnenepesha nyuma ya nyumba kwa majani na mashina ya migomba, jambo ambalo familia za Kilimanjaro zimelizoea tangu zamani kwa ng'ombe wao wa zizini.

Kuna wanaosema kwamba zamani watu waliridhika na kidogo, na kwamba tamaa ya siku hizi ndiyo iliyoharibu sikukuu. Historia ya pwani haikubaliani nao. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu pwani ya Waswahili kati ya 1856 na 1888, anaonyesha jinsi karamu za Pangani na miji mingine zilivyokuwa uwanja wa kushindania heshima, waungwana wakiingia madeni ili wasipitwe. Margaret Strobel, aliyeandika juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, anaeleza vyama vya lelemama vilivyoshindana kwa ngoma, mavazi na karamu. Kushindana tumekurithi pamoja na ukarimu. Kwa hiyo sitegemei watu wageuke kuwa na kiasi kwa kuhubiriwa. Ninachokitegemea ni mpango unaoibadilisha heshima yenyewe, ili anayeonekana mkubwa awe yule aliyeweka fungu kwa wakati na aliyekumbuka mjane wa nyumba ya tatu, wakati leo heshima hiyo anapewa aliyechinja peke yake.

Chombo cha mpango huo tunacho tayari. Mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa uliasisiwa nchini Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ukaenea Afrika nzima, na leo ni nadra kukuta mtaa wa Tanzania usio na kikoba. Wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana, huweka kando mfuko wa jamii wa misiba na magonjwa, na mwisho wa mzunguko, ambao mara nyingi ni wa miezi tisa hadi kumi na miwili, huvunja kikundi na kugawana. Ni kazi nzuri sana, na ina kasoro moja ambayo sijasikia ikijadiliwa vya kutosha. Vikundi vingi huvunjwa katikati ya Desemba. Fedha iliyokusanywa kwa uvumilivu wa mwaka mzima inamwagwa mikononi mwa watu wote kwa wakati mmoja, wiki ileile ambayo mchele, kuku na nauli vimepanda, na watu hao wenyewe ndio wanaozidi kuvipandisha. Kikundi kinaweza kubaki na utaratibu wake wote na kubadilisha jambo hilo moja: sehemu ya hisa igeuzwe kuwa mchele na mafuta ya alizeti Julai, sehemu iwe ng'ombe Oktoba, na taslimu inayobaki igawanywe wiki ya kwanza ya Januari, madaftari yanapohitajika. Wanawake wanaocheza michezo ya vyombo, ambapo kila zamu mmoja hupokea sufuria au sahani, wamekwisha kuthibitisha kwamba kikundi kinaweza kuhesabu kwa vitu bila kupoteana.

Pingamizi la haraka ni kwamba fedha za kikundi huliwa. Ni kweli huliwa, na wapo waliolizwa na mweka hazina aliyehama usiku. Lakini hasara hizo hutokea hasa pale ambapo mtu mmoja anashika daftari, fedha na ufunguo. Mfumo ulipobuniwa uliweka sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na hesabu kusomwa kwa sauti mbele ya wote kila mkutano. Kikundi kinachouruka utaratibu huo kwa sababu wanachama wanaaminiana kinafanya kosa, kwa kuwa uaminifu hauhitaji kulindwa na aibu ya kuuliza. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne, vikisajiliwa karibu na wananchi, kwa hiyo pakitokea mgogoro kuna mahali pa kuanzia. Na chakula kilichonunuliwa Julai ni vigumu kukimbia nacho kuliko bunda la noti.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kwangu, nalo linahusu wafanyabiashara. Fundi, muuza kuku, mama wa vitumbua na mwenye kibanda cha mitumba wanaitegemea Desemba, na kuibana ni kuwanyima riziki. Ningelikubali kama ningekuwa nashauri watu wasinunue. Ninachoshauri kinawafikia watu haohao kwa miezi tofauti: fundi anapata kazi Oktoba wakati cherehani yake imelala, mkulima wa Mbarali anapata mnunuzi Julai wakati soko limejaa, mfugaji anauza kabla mnyama hajakonda. Anayepungukiwa ni mlanguzi aliyeficha shehena akisubiri wiki ya mwisho, na yule anayekopesha kwa riba ya kuua. Sioni sababu ya kuwahurumia.

Nauli inahitaji maneno yake, maana kwa familia ya Moshi au Bukoba inayoishi Dar es Salaam, barabara inaweza kula zaidi ya mezani. Kiwango cha juu cha nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na kukizidisha ni kosa, lakini kila Desemba malalamiko hurudi. Wenye mabasi hujitetea kwamba gari linalopanda limejaa hurudi tupu, na utetezi huo, hata kama hauhalalishi kuvunja sheria, unaonyesha njia. Shule zikifungwa mwanzoni mwa Desemba, watoto wanaweza kutangulia kwa babu na bibi pamoja na shangazi mmoja, wiki mbili kabla ya msongamano, wakasaidie pia kumlisha yule ng'ombe. Desemba 2019 treni ya abiria ilirudi katika njia ya Dar es Salaam hadi Moshi baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20, na mwaka 2024 treni ya umeme ikafika Dodoma. Zote hujaa, lakini hujaa kwa waliokata tiketi mapema. Na ukoo wenye watoto kumi mjini haulazimiki kuwapandisha wote kila mwaka. Nusu mwaka huu na nusu mwakani, wanaobaki wakituma fungu lao la ng'ombe, ni makubaliano ambayo wazee wengi watayapokea wakiambiwa Agosti. Wakiambiwa Desemba 20 wataona wametupwa.

Linabaki swali la asiye na mshahara, wa bodaboda, wa genge, wa kufua nguo za watu. Shilingi 1,000 kwa siku kuanzia Machi mosi hadi Desemba 20 ni siku 295, shilingi 295,000, na kwa mwenye kipato cha kila siku hiyo ni njia rahisi kuliko kutafuta laki tatu kwa mkupuo. Lakini wapo ambao hata hiyo elfu haipo, na si haki kuwaeleza kuhusu nidhamu ya akiba. Kwao jibu liko kwenye ile pishi ya fitri na fungu linalotengwa kwa ajili yao kabla ya kura ya nyama, na kikundi kinachopanga sikukuu bila kutenga fungu hilo kitakuwa kimejifunza hesabu na kusahau kilichoileta sikukuu. Watoto wao, kwa bahati nzuri, hawahitaji mengi. Mkono wa Idd wa sarafu chache unatosha kumpeleka mtoto kwenye bembea, na kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa huvuta umati kila Julai kwa mashina ya migomba ya kupigania, kibanda cha makuti cha kuchoma, nyimbo, na chakula ambacho mgeni yeyote hukaribishwa. Gharama kubwa ya sherehe hiyo ni watu kuwepo.

Kwa Waislamu hesabu hii ina sura nyingine, kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11 na Idd huzunguka mwaka mzima kwa miaka kama 33. Mwaka 2000 Idd el Fitr ilikuja mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Itafanya hivyo tena mwaka 2033: ya kwanza karibu na Januari 2, ya pili karibu na Desemba 23, kutegemea mwandamo. Familia zenye Waislamu na Wakristo chini ya paa moja, na ziko nyingi kuanzia Tanga hadi Ujiji, zitakuwa na Idd Ijumaa, Krismasi Jumapili, na shule baada ya wiki mbili. Kikundi kitakachoanza hisa Februari ya mwaka huo, mwezi mmoja baada ya Idd ya kwanza, kitakuwa na miezi kumi ya kujipanga. Mchele utanunuliwa kwa bei ya mavuno, na ng'ombe mmoja, akichinjwa na Mwislamu asubuhi ya Ijumaa baada ya swala, atatosha mafungu ya sikukuu zote mbili.